Kumaiza

Nyumbani kwetu Likoni tulikuwa na kitenzi chetu wenyewe, kumaiza. Muuza samaki akikuuzia changu wa jana kwa maneno matamu, amekumaiza. Mtoto akisema ametoka chuoni kusoma Kurani na kumbe alikuwa kwenye mpira, anataka kukumaiza. Haikuwa sawa na kusema uongo, kwa sababu uongo una jina lake. Kumaiza ni kumzungusha mtu taratibu, kwa upole, hadi ajikute pale ulipotaka wewe bila ya kujua amefikaje. Mama, Mungu amrehemu, alikitumia kitenzi hicho kuliko sisi sote, na Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji.

Aliyekileta ni baba, na alikitoa gazetini. Baba alikuwa karani bandarini, wa kuandika mizigo inayoteremshwa melini, na Kiingereza chake karibu chote alikipata kwa macho. Shule alisoma kidogo. Mengine alijisomea katika magazeti, katika maandishi ya kwenye makasha na katika vitabu walivyoacha mabaharia. Siku moja akakutana na neno "misled". Akaitazama ile "le" iliyo ndani yake, akakumbuka kwamba "title" husomwa taito na "Bible" husomwa baibo, akaamua kuwa hapa pana kitenzi "misle" na kwamba husomwa maizo. Maana aliipata sawasawa kutokana na habari yenyewe, watu walikuwa wamedanganywa kijanja. Matamshi ndiyo yaliyomponyoka. Akaja nalo nyumbani, tukalikata mkia, tukalivisha ku- mbele, likawa letu.

Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba lugha zina vituko. Waswahili wa zamani wakisema kumaizi wana maana ya kulielewa jambo barabara, na Mwingereza akisema kumaiza ana maana ya kukuzuia usilielewe. Akishasema hivyo alicheka peke yake, na mimi nikacheka kwa kuwa yeye anacheka.

Katika watoto wake, mimi ndiye niliyekuwa wa maneno. Kaka zangu walimkimbia. Baada ya sala ya alasiri alitoka na gazeti lake, akakaa barazani, akaniita, nami nikaitika abee na kwenda kukaa karibu yake. Alinitajia neno alilolipigia mstari kwa penseli, nikabahatisha maana. Nikikosa aliniongoza kidogo kidogo mpaka nipate. Kwa muda ule nilikuwa mtoto wa pekee, na wenzangu wakipita nje niliwatazama kama watu waliokosa kitu. Nilikuwa na choyo naye tangu zamani hizo, sikuanza jana.

Nilipokua nilipata kazi mapokezi, katika hoteli moja ya Nyali. Hapo ndipo nilipojua kuwa Kiingereza cha kwetu kina kasoro. Mgeni mmoja mzee aliniuliza ni wapi anaweza kuona meli kwa karibu. Nikamjibu kwa madaha yote, na katika jibu langu nikatia neno "quay", ambalo baba alilisoma kwei na maana yake ni gati. Yule mzee akatabasamu, akasema "kii", polepole, kama anayemfundisha kasuku. Wenzangu nyuma ya meza walisikia. Msimu mzima waliniita Kwei. Kwei kuna simu yako, Kwei chai imepoa.

Siku hiyo nilivuka feri kurudi nyumbani huku nikiapa moyoni kwamba aibu ile haitamfika baba. Sikumwambia. Nikawa na Kiingereza cha ng'ambo mbili. Nyali nilisema kii, na nikifika Likoni nilisema kwei. Kila wageni waliponifungua masikio nilijifunza jingine, na kila nililojifunza nililiacha ng'ambo ya pili. Baba aliposema neno kwa namna yake, nilimjibu kwa namna yake hiyo hiyo. Nilifanya hivyo miaka na miaka, na niliona fahari. Niliona ndiyo heshima, na ndiyo mapenzi.

Kisha nikaolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi kwetu. Mama akafariki. Tukabaki mimi na baba katika nyumba kubwa yenye vyumba vitupu, tukaamua kupangisha kimoja cha uani. Aliyekuja kukichukua ni msichana wa bara, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya binafsi kule Bofu.

Nimwelezee kwa haki, ingawa haki yenyewe inanikwama kooni. Alikuwa safi, mtaratibu, hana wageni wa ovyo, Jumapili anakwenda kanisani na kurudi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekesha. Alisema "hii maji imeisha" bila hata ya kuona haya. Alikuwa amesikia kwamba watu wa pwani huamkiana kwa shikamoo, basi akawa anaitoa kwa kila mtu, hadi mimi niliyempita miaka michache tu. Wiki ya kwanza alimwita baba "mzee". Wiki ya pili alimwita "baba". Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa namimina chai barazani. Baba alikuwa akimsimulia msichana yule jinsi watu wa mtaani walivyoahidiwa mabomba ya maji na mtu aliyekuwa akitaka kura, na wakaamini. Akamalizia kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayefunga hotuba, kwamba watu walikuwa wamekuwa maizod.

"Wamekuwa nini, baba?" msichana akauliza.

"Maizod. Ni hivi, mtu akikudanganya kwa hila."

Msichana akaomba aone lilivyoandikwa. Baba akaliandika kwa penseli pembeni mwa gazeti. Msichana akalitazama, akasema, "Ah! Baba, hii si maizod. Inasomwa mis-led. Mis, halafu led. Yaani kuongozwa vibaya. Hakuna kitu kama maizo."

Mkono wangu ulibaki na birika juu ya kikombe. Kwa miaka nililizunguka neno hilo kama mtu anavyozunguka kitanda cha mtoto aliyelala, na huyu alilisukuma tu, mchana kweupe, kisha akachukua mahamri. Nilimtazama baba. Nilingoja uso wake usawijike, na nilikuwa tayari kumfukuza mtu uani jioni ile ile.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kikoi. "Mis-led," akasema. "Mis-led! Wallahi, miaka yote hii nimejimaiza mwenyewe." Akamgeukia msichana. "Ahsante, mwanangu. Hebu ngoja, kuna jingine nataka kukuuliza."

Mwanangu. Niliimimina chai ikafurika kwenye kisahani, na hakuna aliyeona.

Tangu siku hiyo baba akawa na mtu wa kumngoja. Alasiri alitoka na gazeti mapema, na macho yake yalikuwa kwenye kona ya barabara anakotokea mwalimu akirudi kutoka kazini. Mimi nikirudi kutoka Nyali niliwakuta wameshaanza. Na gazeti lenyewe ni mimi niliyelibeba. Magazeti ya Kiingereza, vitabu wanavyoacha wageni vyumbani, majarida yenye picha za bustani za watu, vyote hivyo niliviomba kwa watu wa usafi, nikavitia mfukoni, nikavivusha. Nilimletea baba yangu maneno, akampelekea mwingine. Nilianza kuchelewesha mengine makusudi, nikayaficha chini ya kitanda changu, halafu nikaona haya nikayatoa.

Wivu ulinikaa kifuani kama kiungulia. Nilikuwa nikilala nao na kuamka nao. Nilimtegea sikio yule msichana, nikitafuta alipokosea, kwa kuwa nimesikia watu wa bara wengine huchanganya r na l. Yeye hakuchanganya. Kila herufi aliiweka pahali pake, akaninyima hata raha hiyo ndogo. Kitu kimoja tu nilikipata, "this" aliitamka dis. Sisi tuliosomeshwa Kurani tungali wadogo, dh na th tumezipata mapema, hazitupi taabu. Nilifurahi siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamwambia baba, kwa sauti ya mzaha, kwamba mwalimu wake anasema dis na dat.

"Si yaeleweka lakini?" baba akasema, akageuza ukurasa.

Basi nikatega mtego. Hotelini nilipata kitabu cha safari za bahari, na ndani yake neno "boatswain", yule baharia anayewasimamia wenzake juu ya sitaha, sisi twamwita serahangi. Matamshi yake hayana uhusiano wowote na maandishi, kana kwamba waliliandika watu wengine na wakalisoma watu wengine. Mimi nilikuwa nimelisikia kwa mgeni aliyewahi kuwa nahodha. Nikawaza kwamba mwalimu wa shule aliyekulia mbali na bahari hawezi kulijua. Nikaja nalo, nikamwekea msichana mbele ya baba.

"Mwalimu, hebu tusomee hili."

Akalitazama. "Boti-swein?" Akanitazama usoni, akaona kitu, akacheka kidogo. "Aki hii imenishinda. Baba, unaijua?"

"Nalijua kwa macho," baba akasema. "Kwenye makaratasi ya meli lilikuwapo. Mimi nilikuwa nikilisoma botswen."

Nilivuta pumzi niseme. Ilikuwa zamu yangu, nilikuwa nimeipanga njia nzima kutoka Nyali. Lakini msichana alikuwa ameshatoa simu, akaandika, akaibonyeza, na sauti ya mwanamke wa Kiingereza ikasema mle ndani, wazi kabisa, "bosan".

Baba aliruka kitini. "Bosani! Bosani namjua! Nimefanya kazi na mabosani chungu nzima, wengine tumekula pamoja. Kumbe bosani ndiye huyu! Mimi nilidhani ni watu wawili, bosani wa kuonekana na botswen wa kwenye karatasi. Kuna siku nilimuuliza bosani mmoja yuko wapi botswen wake, akanitazama kama mwehu."

Wakacheka wote wawili mpaka msichana akajishika mbavu. Akamwomba baba amsimulie bosani hufanya kazi gani, na baba akamsimulia, kamba na winchi na filimbi, mambo ambayo mimi hakuwahi kunisimulia kwa kuwa sikuwahi kuuliza. Adhana ya magharibi ikamkuta bado anasema. Neno nililileta mimi, na furaha yake aliichukua yeye. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria zilizokuwa safi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na likizo, na msichana alikuwa kanisani. Baba alikuwa peke yake barazani. Nilikaa pale nilipokuwa nikikaa zamani, nikamuuliza bila ya kuzunguka.

"Baba, mbona siku hizi maneno yako wampelekea yule?"

Hakushangaa. "Kwa kuwa nikikosea aniambia."

"Hata mimi nayajua, baba."

"Najua wayajua. Kutwa uko na Wazungu, utakosaje kuyajua? Mimi nikisema neno nakutazama. Naona mdomo wako wataka kufunguka, kisha waufunga. Mara ya kwanza nilidhani umesahau. Mara nyingine na nyingine, nikaelewa. Nikasema, basi, huyu ameshaniona mtu wa kuachwa aseme apendavyo, kama mtoto."

"Nilikustahi tu, baba."

"Mwanangu, hustahiwa mgonjwa. Mimi si mgonjwa, mimi nataka kujua." Hakuwa amekasirika. Alikunja gazeti, akaliweka mapajani, akanigeukia mzima mzima kama alivyokuwa akinigeukia nilipokuwa mdogo. "Haya. Nambia na wewe. Lipi jingine nimelikosea?"

Hapo ningemwambia moja. Moja lingetosha, tungelicheka, na kesho ningemwambia la pili. Lakini niliwaza kwamba saa za mchana msichana atarudi, na kila neno nitakaloliacha litakuwa lake. Ataliokota yeye, baba atacheka naye na kumwita mwanangu. Nikaona nisimwachie hata moja.

Nikaanza na kwei. Baba akacheka, akasema kii, kii, akapiga goti lake. Nikamwambia "colonel" haisomwi koloneli, Mwingereza huisoma karibu na kanali yetu. Akafurahi, akasema basi Mswahili alisikia vizuri kuliko mwandishi. Nikamwambia "debris", vile vifusi, s ya mwisho haitamkwi. Nikamwambia "victuals", vyakula vya safari melini, alivyokuwa akivisoma viktuali, husomwa vitols. Akarudia polepole. Nikamwambia "awry", mambo kwenda mrama, si ori, ni arai. Akarudia. Nikamwambia "hyperbole", kule kutia chumvi katika maneno, hapo alisikiliza sana sheria ya shule kwamba e ya mwisho haisomwi, na kumbe hapo yasomwa. Angelisoma kwa Kiswahili angelipata.

"Ee," akasema. Hakurudia.

Nililiona hilo. Niliona pia kwamba mikono yake imeacha kucheza na imelala juu ya gazeti. Na sikunyamaza. Maneno yalikuwa yananitoka kama maji ya mfereji uliofunguliwa baada ya mgao, na kila lililotoka nilisikia wepesi. Nikamtajia mengine, na mengine. Alikuwa akitikisa kichwa tu. Mwisho nikafika kwenye "epitome", mfano ulio kamili wa kitu, nikamwambia si epitomu, ni ipitomi.

"Hili nalo?"

"Hili nalo, baba."

"Nililisema siku ya harusi yako. Nilisimama mbele ya watu, nikasema binti yangu ni epitomu ya adabu."

"Ndiyo."

"Walikuwapo wakubwa wangu wa bandarini. Na wenzako wa hoteli, ile meza ya mbele."

"Walikuwapo."

"Nawe wakati huo ulikuwa ushajua."

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alitazama barabarani, mtu akapita na mkokoteni wa maji, wakaamkiana kama kawaida, na mtu yule akapita zake. "Yote hayo," baba akasema, kama anayesema mwenyewe. Nilitaka kumwambia kwamba wenzangu hawakucheka siku ile, lakini walicheka, na yeye angenisoma usoni.

Mlango wa uani ukalia. Msichana alikuwa amerudi kutoka kanisani, bado na viatu vyake vya kisigino na kitabu kwapani. "Shikamoo, baba! Shikamoo, dada! Baba, leo mchungaji ametuletea neno, hii hata wewe haujawahi kuiona."

"Marahaba, mwanangu," baba akasema. Alikuwa ameshainuka, ameshika ukuta. "Leo nimechoka kidogo. Mwambie dada yako, yeye ayajua yote."

Akaingia ndani. Gazeti aliliacha kitini.

Msichana alinigeukia na uso wake ule ule wa furaha, kwani yeye hakuwa amefanya kitu na hakujua kama kimefanyika. Aliliondoa gazeti, akakaa pahali pa baba, akalitamka neno lake polepole, kisha akangoja nimwambie maana. Ndani nilisikia kitanda cha baba kikilia. Tulikuwa wawili tu barazani, mimi na yeye, na neno lenyewe nilikuwa nalijua.